Sandwichi ya jibini la kuyeyuka kwa mpishi aliyezoea mvuke: naomba mwongozo

MvukeTu

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Chakula ninachopika nyumbani karibu siku zote ni cha kuchemsha au cha mvuke: mboga za majani, maharage, samaki na nafaka isiyokobolewa, mafuta yakiwa ya kupimwa kwa kijiko na chumvi ikiwa kidogo. Sikukatazwa na daktari wala sifuati mfumo wowote wa ulaji wenye jina. Ndivyo mkono wangu ulivyozoea, na kwa kawaida ndivyo ulimi wangu unavyopenda. Hata hivyo, zipo jioni ambazo mtu amechoka mwili na akili, na kinachotamaniwa ni kitu kizito chenye mafuta, kinachovunjika kwa sauti nje na kuvutika ndani. Kwa sasa tamaa hiyo imetua kwenye sandwichi ya moto ya jibini: slesi mbili za mkate, siagi nje, jibini la kutosha ndani, na pengine vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia.

Upishi huu unadai mambo ambayo sina uzoefu nayo. Kwa moto ninaoutumia kuchemshia maji, mkate unababuka huku jibini likiwa bado gumu. Moto ukishushwa mno, mkate unakunywa siagi na kulowa. Naomba kujua mnaupangaje moto, mnachagua jibini gani na mkate wa namna gani. Naomba pia maoni yenu juu ya wazo moja: ili nisiende mbali sana na desturi yangu, nafikiria kutumia mkate wa ngano isiyokobolewa, jibini lililopunguzwa mafuta, na siagi ya kupaka kwa wembamba kabisa. Ninalo pia jibini bichi ninalogandisha mwenyewe kwa maziwa na ndimu, ambalo hukaa vizuri juu ya mboga. Je, lingefaa kuingia humo?

KikaangoKizito

Karibu, MvukeTu. Nitajibu la moto na kuwaachia wengine yaliyobaki, kwa sababu moto ndio unaoamua karibu kila kitu katika sandwichi hii, na mapishi mengi huupitia kwa maneno mawili tu: "moto wa wastani".

Fikiria kinachotakiwa kutokea nje na kinachotakiwa kutokea ndani. Ndani, jibini linahitaji kufika kwenye joto ambalo nyavu za protini zake zinalegea, na kwa aina nyingi zinazoyeyuka vizuri joto hilo ni nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi; si joto kubwa hata kidogo, lakini linapaswa kupita kwenye mkate, na mkate umejaa vijishimo vya hewa, ambayo hupitisha joto kwa uvivu. Nje, mkate hauwezi kugeuka kahawia kabla maji ya usoni hayajakauka, na baada ya hapo rangi huanza kuja kwa kasi kuanzia nyuzi 140 hivi. Hayo ni mabadiliko kati ya sukari na protini ambayo mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912, na ndiyo yanayoleta harufu ya mkate uliookwa, nyama iliyochomwa na kahawa. Siagi nayo ina chembe za maziwa zinazoanza kuungua karibu na nyuzi 150. Kwa hiyo uwanja wako ni mwembamba: uso wa mkate ukae kwenye joto la kutosha kupata rangi, usipande hadi siagi iungue, na ubaki hapo dakika za kutosha ili joto lifike katikati. Moto mkali humaliza kazi ya nje ndani ya dakika moja, na jibini halina nafasi ya kuwahi.

Tumia kikaango kizito, cha chuma cha kusubu ikiwa unacho, kwa kuwa kile chepesi kina sehemu zenye joto kali na sehemu zilizopoa. Kiweke kwenye moto wa chini kuelekea wa wastani kwa dakika tatu kabla ya chochote kuingia. Tone la siagi likitua humo litoe povu polepole. Likilia kwa kelele na kubadilika rangi papo hapo, kiondoe kikaango motoni na ukiache kitulie kwanza.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka. Zikaushe kwanza nyuso za ndani, yaani zile zitakazogusa jibini, kwa kuzilaza kwenye kikaango chenye siagi kidogo hadi zipate rangi hafifu. Ziinue, weka jibini juu ya uso huo wenye joto, funika kwa slesi ya pili, paka siagi nje na urudishe yote kikaangoni. Jibini limeshaanza kupata joto kabla sandwichi haijafungwa, na uso uliokauka haunyonyi mafuta na maji yanayotoka kwenye jibini. Kule kulowa ulikokueleza kunapungua sana kwa hatua hii peke yake.

Hatua inayofuata unaijua kuliko sisi: funika. Mtu wa mvuke hahitaji kuelezwa mfuniko unafanya nini. Unashika joto na unyevu, ule unyevu unabeba joto hadi kwenye slesi ya juu, na jibini linalegea kutoka pande mbili. Dakika nne hadi tano kwa upande wa kwanza ukiwa umefunika, kisha geuza na uuondoe mfuniko moja kwa moja, maana upande uliokwisha kukauka ukiachwa kwenye mvuke unarudi kuwa laini. Upande wa pili unatosheka kwa dakika tatu au nne. Usiikandamize kwa nguvu. Kuigusa kwa mwiko bapa ili uso wote ukutane na chuma kunatosha, kwani shinikizo kubwa hulisukuma jibini nje kabla ya wakati.

Ikitoka, isitue kwenye sahani baridi. Iweke juu ya wavu kwa dakika moja au mbili. Mvuke wa chini unapata njia ya kutoka, na jibini linashikamana kidogo ili lisimwagike lote unapokata.

Haradali

KikaangoKizito amemaliza la moto. Niseme juu ya jibini, na juu ya lile wazo lako la kupunguza kila kitu, ambalo kwa heshima zote naliona halifai.

Jibini ni wavu wa protini iitwayo kaseini, ulioshikizwa kwa kalsiamu, na ndani ya matundu ya wavu huo kuna mafuta na maji. Joto linapopanda, mafuta hulainika kwanza, kisha wavu wenyewe unaachia na jibini linatiririka. Ukiyaondoa mafuta, protini zinabaki zimebanana, kwa hiyo jibini lililopunguzwa mafuta likipata moto halitiririki. Hutoa ngozi juu, linakuwa kama mpira, na likipoa linakauka. Cheddar ya kawaida ina mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake, na theluthi hiyo ndiyo inayoifanya sandwichi hii kuwa kile ulichokitamani. Utakula kitu ambacho hakina ladha ya chakula chako cha kila siku wala hakina raha ya kile ulichokuwa unakitafuta, na nina hakika kesho yake utakitamani tena. Ni heri ule nusu ya sandwichi kamili. Gramu 60 hadi 80 za jibini zinatosha sandwichi moja nzima. Kata katikati, mpe mwenzako nusu, na usiguse mapishi.

Sasa uchaguzi. Umri wa jibini ndio wa kutazama kwanza. Jibini linapokomaa, vimeng'enya hukata protini zake vipande vidogo vidogo. Ladha inaongezeka, lakini wavu unakuwa dhaifu, na ndiyo maana jibini lililokaa sana hutoa mafuta pembeni na kuacha punje punje katikati. Jibini changa mno nalo linavutika vizuri lakini halina la kusema mdomoni. Mozzarella ni mfano mzuri: inakandwa ikiwa ndani ya maji ya moto hadi protini zake zinajipanga katika nyuzi, basi inavutika kwa urefu wa mkono mzima, ila ladha yake ni ya upole sana kwa sandwichi inayotegemea jibini tupu. Mchanganyiko ninaoupendelea mimi ni sehemu mbili za Cheddar isiyokomaa sana na sehemu moja ya Gruyère, ambayo ina utamu wa kokwa na huyeyuka bila fujo. Ukiwa na Gouda changa peke yake, hujapungukiwa na kitu.

Likune mwenyewe. Lile linalouzwa likiwa limeshakunwa huwa limepakwa wanga au nyuzi za mimea ili punje zisigandamane, na vitu hivyo hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya kikaango, mahali ambapo wewe unataka zigandamane.

Jibini lako la ndimu halitayeyuka hata ukilisubiri hadi asubuhi. Linapogandishwa kwa asidi na joto, sehemu kubwa ya kalsiamu huondoka na maji, na protini za maji ya maziwa hushikamana na kaseini. Moto hulikaza tu. Hilo si aibu yake. Linaweza kuwa kitu cha pili ndani ya sandwichi, likikaangwa vipande vyembamba hadi likapata ukoko na kulazwa katikati ya jibini linaloyeyuka, lakini lisipewe kazi ya kuyeyuka.

Wapo watakaokwambia usiguse jibini la kusindikwa, zile slesi laini zinazofungwa moja moja. Mimi siwaungi mkono kabisa. Kazi hiyo ilianza Uswisi mwaka 1911, pale Walter Gerber na Fritz Stettler walipopasha jibini pamoja na chumvi ya sitrati, na huko Marekani James L. Kraft akapata hataza ya njia yake mwaka 1916. Chumvi hizo huishika kalsiamu, protini zinakuwa huru kuyashika mafuta na maji kwa pamoja, na jibini linayeyuka laini bila kutoa tone la mafuta. Slesi moja tu ikichanganywa na jibini lililokomaa, lile lenye ladha kali lakini lenye tabia ya kutengana, hulituliza lisitengane.

Mwokaji wa Usiku

Nitofautiane na Haradali katika sehemu moja ya wazo la MvukeTu: mkate wa ngano isiyokobolewa hauna kosa lolote. Una ladha ya kutosha kusimama mbele ya jibini kali, na mimi huuchagua makusudi. Tahadhari ni moja tu. Mkate huo ni kahawia tangu mwanzo, kwa hiyo macho hayatakwambia umefikia wapi. Itabidi utumie pua na kidole. Harufu ya siagi ikibadilika kutoka ya maziwa kuwa ya karanga zilizokaangwa, geuza. Mtu anayeanza afadhali ajifunzie kwenye mkate mweupe, ambako rangi inasomeka, kisha ahamie kwenye ule anaoupenda.

Kuhusu umbo: slesi ya unene wa sentimita moja hadi moja na robo inatosha. Ile nene uliyoiona kwenye picha, ya sentimita mbili na zaidi, inapendeza kwa kamera na inalichelewesha jibini. Mkate wenye matundu makubwa unavuja. Mkate mtamu wenye sukari na maziwa mengi unapata rangi haraka mno, basi moto ushuke zaidi ya alivyosema KikaangoKizito.

Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa sababu umepungua unyevu kidogo na unashika siagi bila kuvunjika. Ila usiuweke kwenye jokofu ukidhani unauhifadhi. Baridi ya jokofu ndiyo inayoharakisha wanga kujipanga upya na kuufanya mkate uwe mgumu. Nje ya jokofu unakuwa mgumu polepole zaidi, na kwenye friza karibu unasimama kabisa. Ukiwa umeshakuwa mgumu, usiutupe, kwani joto la kikaango linaulegeza tena wanga huo, na sandwichi hii ni mojawapo ya njia nzuri za kuumaliza.

MvukeTu

Nawashukuru sana. Kumbe mfuniko wangu una kazi hata huku, jambo ambalo nisingelifikiria, kwa kuwa nilidhani kukaanga na kufunika ni vitu vinavyopingana.

Hoja ya Haradali kuhusu jibini lililopunguzwa mafuta nimeikubali, na nitakula nusu kama alivyosema. Nina mawili ya kuongeza. La kwanza, nimesoma kwamba wapo wanaopaka mayonesi nje ya mkate badala ya siagi. Je, kuna faida ya kweli? La pili ni vitunguu. Mapishi niliyoyaona yanasema dakika kumi, na baada ya dakika kumi nilipata vitunguu laini vyeupe vyenye harufu kali, visivyofanana kabisa na vile vya kahawia vya kwenye maelezo.

Kijiko Kikubwa

Mayonesi inashinda, na sababu ni ya kiutendaji. Ni mafuta yaliyofungwa pamoja na maji kidogo kwa nguvu ya kiini cha yai, kwa hiyo inapakika hata ikitoka kwenye jokofu, bila kuuchana mkate kama siagi ngumu inavyofanya. Mafuta yake hayana chembe za maziwa, kwa hiyo yanavumilia joto zaidi, na protini za yai zinasaidia kuleta rangi iliyo sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa mtu ambaye bado hajalizoea jiko lake kwa moto wa chini, mayonesi inampa nafasi ya kukosea kidogo bila kulipa.

KikaangoKizito

Yote aliyosema Kijiko Kikubwa ni kweli, na bado nitatumia siagi. Sandwichi hii ina vitu vitatu tu, na ladha ya siagi iliyogeuka kahawia ni mojawapo ya sababu za kuipika. Mayonesi inatoa ukoko mzuri wenye ladha ya mkate uliokaangwa, basi, na ukipaka nyingi unausikia ukali wa siki. Mtu aliyekula mvuke mwezi mzima na leo ameamua kujiliwaza hastahili kunyimwa siagi kwa sababu tu ni vigumu kuipaka. Aitoe kwenye jokofu saa moja kabla.

Kama unataka uvumilivu wa mayonesi pamoja na ladha ya siagi, changanya kijiko cha siagi laini na kijiko cha mayonesi. Samli pia inavumilia joto kubwa kwa sababu maji na chembe za maziwa vimekwisha kuondolewa, lakini kwa sababu hiyo hiyo rangi huja taratibu zaidi. Na uchague siagi isiyo na chumvi. Jibini lina chumvi ya kutosha, na kwa mtu uliyezoea kuipima, chumvi mara mbili itakukera kuliko mafuta.

Haradali

Kuhusu vitunguu, ndugu MvukeTu, usijilaumu wala usililaumu jiko lako. Dakika kumi haziwezekani. Kitunguu ni maji kwa sehemu kubwa sana, na maji hayo lazima yaondoke kwanza. Mpaka hapo, joto ndani ya kikaango linabaki karibu na nyuzi 100 na hakuna rangi itakayokuja. Panga dakika 40 hadi 50, moto wa chini, siagi au mafuta, na chumvi kidogo mwanzoni ili kuvuta maji. Dakika ishirini za kwanza hazihitaji kuangaliwa sana, na hata mfuniko unaruhusiwa. Baadaye sukari zinaanza kushika chini ya kikaango. Hapo mwaga kijiko cha maji, kwangua ule ukahawia uliogandia, uchanganye, na urudie kila unaposhika tena. Ladha yote iko kwenye ule ukwanguzi.

Ukiona mahali wameshauri kutia chembe ya magadi ili kuharakisha, ni kweli kwamba vinageuka kahawia upesi, lakini vinakuwa uji, na ndani ya sandwichi laini ya jibini mimi nataka nyuzi za kitunguu ambazo meno yanazisikia. Pika vingi kwa mara moja. Kilo nzima inasinyaa hadi ikawa bakuli dogo, na vinakaa kwenye jokofu siku kadhaa bila shida.

Viweke katikati ya tabaka mbili za jibini, visiguse mkate. Hivyo hivyo kwa nyanya, ambayo ni lazima itolewe mbegu, ipigwe chumvi na kuachwa ichuruzike, la sivyo kazi yote ya kukausha mkate imepotea.

Mpimaji

Samahani kwa kuingilia. Nasoma haya yote na najiuliza kwa nini mtu mwenye desturi nzuri ya chakula ashawishiwe aiache. Si angepika tu supu nzito ya dengu?

Haradali

Ndugu Mpimaji, dengu ni nzuri, na nadhani MvukeTu anaipika kuliko sisi sote. Hakuuliza jinsi ya kuacha desturi yake. Ameuliza jinsi ya kupika sandwichi, na akipewa njia mbaya atapika mara tatu kutafuta ladha ambayo njia nzuri ingempa mara moja.

Isitoshe, ipo sehemu ya desturi yake ambayo hapa inahitajika sana, na wapishi wa vyakula vizito huisahau: kitu kichungu au kichachu pembeni. Mafuta ya jibini hufunika ulimi, na baada ya matonge manne hivi huonji tena kitu. Haradali ikipakwa nyembamba ndani, upande mmoja, inakata ule uzito (jina langu humu si la bahati mbaya). Achari ya matango au vitunguu vyekundu vilivyolowekwa kwenye siki kwa nusu saa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Na mboga zako za majani zile zile, mbichi, chungu kidogo, zikitiwa ndimu na chumvi bila tone la mafuta, zikikaa kwenye sahani moja na nusu ya sandwichi, naona huo ni mlo kamili ambao hauhitaji kuombewa radhi. Jibini lako bichi lipeleke huko kwenye majani.

MvukeTu

Ahsante, Haradali, na ndugu Mpimaji usiwe na wasiwasi, dengu haijahama. Swali langu la mwisho: mwishoni mwa wiki tutakuwa watu sita, na kikaango changu kinabeba sandwichi moja au mbili tu. Nikizipika kwa zamu, za kwanza zitapoa na jibini litaganda. Je, oveni inaweza kutoa kitu kinachofanana?

Mwokaji wa Usiku

Inaweza, na ina njia mbili tofauti, kulingana na unachokitaka.

Ukitaka sandwichi ile ile, washa oveni nyuzi 220 na uache trei ya chuma ipate moto humo ndani. Panga sandwichi zilizopakwa siagi juu ya trei hiyo ya moto, bila kuzigusanisha, kwa dakika tano au sita. Geuza, kisha nyingine tatu au nne. Upande wa chini unapata rangi kwa kugusana na chuma, na hewa ya moto inafanya kazi ya mfuniko. Hazifikii ukoko wa kikaango, lakini watu sita wanakula kwa wakati mmoja, na kwa chakula hiki wakati una thamani kubwa, kwa sababu jibini lililoganda halina mtetezi.

Njia ya pili ni ile ya Ufaransa, croque-monsieur, ambayo ilishakuwa chakula cha mikahawa ya Paris mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani huwekwa jibini la Gruyère au Emmental pamoja na nyama ya paja la nguruwe, na mikahawa mingi humwagia juu mchuzi mweupe wa siagi, unga na maziwa, kisha jibini zaidi, na yote huchomwa kwa moto wa oveni unaotoka juu hadi yawe na madoa ya kahawia. Asiyekula nyama hiyo huiacha au hutia uyoga uliokaangwa hadi ukakauka, na sandwichi haipungui kitu. Kwa mpishi wa watu wengi, mchuzi huo ni msaada mkubwa: unga uliopikwa kwenye siagi huyazuia mafuta na maji ya maziwa kutengana, kwa hiyo sandwichi inabaki laini hata ikisubiri dakika kumi mezani. Unaweza kuzipanga asubuhi, ukazifunika, na kuzichoma wageni wanapofika.

Kwa mchuzi wa sandwichi sita, gramu 30 za siagi, gramu 30 za unga na mililita 350 za maziwa zinatosha. Uwe mzito wa kupakika, usiwe wa kumiminika. Kaanga unga kwenye siagi dakika mbili bila kuupa rangi, tia maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga, na uache uchemke taratibu hadi harufu ya unga mbichi iishe. Kunia kungumanga kidogo. Jibini la juu lifike hadi kwenye kingo za mkate, kwa sababu ukingo ulio wazi ndio unaoungua kwanza chini ya moto wa juu, na usiondoke jikoni katika dakika hizo tatu za mwisho hata mlango ukibishwa.